Mgonjwa akishatoka getini: jibu kwa muuguzi anayeuliza thamani ya huduma ni nini

Swali: "Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji. Uongozi umetaka kila wodi iandike mpango wa kuongeza thamani ya huduma. Mwaka jana hospitali yetu ilinunua mashine mpya ya picha, ikapaka majengo rangi, ikaweka runinga sehemu ya kusubiria na kufungua vyumba vya daraja la juu. Tunaambiwa hayo yote ni ongezeko la thamani. Wagonjwa wanalipa zaidi, lakini mimi ninayewabadilishia bandeji sioni kama wanapona vizuri zaidi. Thamani hasa ni nini katika huduma za afya, inaongezwaje, na mtu wa nafasi yangu ataipimaje?"

Ndugu muuguzi,

Umeuliza thamani ni nini, na ndani ya swali lako jibu limo. Umekiangalia kidonda, ukajiuliza kama mwenye nacho anapona vizuri kuliko waliomtangulia. Hicho ndicho kipimo. Thamani ya huduma ya afya ni mabadiliko yanayotokea katika maisha ya mgonjwa kwa sababu ya huduma ile, yakilinganishwa na kila kilichotumika kuyapata: fedha, muda, maumivu, pamoja na usumbufu wake na wa familia yake. Mashine, rangi na runinga ni vitu vilivyotumika. Vimeingia upande wa gharama siku ile ile viliponunuliwa. Upande wa pili vitaingia siku vitakapomfanya mgonjwa fulani apone, au apone mapema, au aumie kidogo kuliko ambavyo angeumia bila vitu hivyo.

Viongozi wako hawadanganyi kwa makusudi. Neno lenyewe linapotosha, kwa sababu wengi tumelijulia kwenye kodi ya ongezeko la thamani, ile iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1954 kutokana na kazi ya ofisa wa kodi Maurice Lauré. Kiwandani hesabu yake ni nyepesi. Mwenye kiwanda ananunua pamba, anauza uzi, na tofauti kati ya alicholipa na alichouza ndiyo thamani aliyoongeza. Mnunuzi wa uzi anauona, anaushika, anauvuta kuona kama utakatika, na akiona haumfai anauacha.

Mgonjwa hana uwezo huo. Anakuja akiwa na maumivu na hofu. Anachohitaji anaambiwa na yule yule atakayemhudumia. Mara nyingi bili inalipwa na bima au na ndugu. Na hata akishapona, hana njia ya kujua kama asingepona bila tiba ile. Mchumi Kenneth Arrow aliyaeleza haya mwaka 1963, kwamba soko la matibabu haliwezi kwenda kama masoko mengine kwa sababu anayenunua na anayeuza hawajui mambo sawa, na wote wawili hawana hakika na matokeo. Ndiyo maana mgonjwa kukubali kulipa bei kubwa hakuthibitishi kwamba amepata kitu kikubwa. Kiswahili kimetupa maneno matatu na tuyatumie yote: bei anaipanga mtoa huduma, gharama ni kile kilichotumika, thamani inakaa kwa aliyehudumiwa. Hospitali inaweza kupandisha bei na gharama kwa pamoja mwaka mzima huku thamani imesimama pale pale.

Angalia pia mpangilio wa maneno katika hayo unayoambiwa. Huduma za nyongeza ni kitu kimoja, nyongeza ya thamani ni kingine. Ya kwanza unaiona kwa macho unapopita koridoni. Ya pili huioni mpaka umtafute mgonjwa baada ya kutoka getini.

Mimi nililijua hili kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa katika hospitali moja ambayo wodi yake ya upasuaji ilisifiwa kwa wingi wa operesheni. Tulimpasua baba mmoja wa makamo ngiri, akalala siku mbili, tukaandika kwenye jalada lake: ameruhusiwa, hali nzuri. Miezi mitano baadaye nilimkuta kwenye foleni ya kituo kingine cha afya. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha wiki moja tu baada ya kuondoka kwetu. Alikuwa amefunguliwa tena, amemaliza akiba yake kwa dawa, na kazi ya kubeba mizigo iliyokuwa inailisha nyumba yake alikuwa ameiacha. Alinisalimia kwa heshima zote, hata hakulalamika. Niliporudi kazini nililitafuta jalada lake nikalisoma tena. Kwetu sisi bado alikuwa amepona. Katika takwimu zetu alihesabiwa kama upasuaji uliofaulu, na kule alikotibiwa mara ya pili aliandikishwa kama mgonjwa mpya. Hakuna daftari hata moja lililoonyesha kwamba huyu ni mtu mmoja na hasara ni moja.

Daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, alikerwa na jambo hili hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alitaka kila mgonjwa afuatiliwe muda wa kutosha ijulikane kama tiba ilimsaidia, na kama haikumsaidia, iulizwe kwa nini. Mwaka 1914 alijiuzulu Massachusetts General Hospital akipinga utaratibu wa kupandisha madaktari vyeo kwa miaka ya utumishi bila kuangalia matokeo ya wagonjwa wao. Katika hospitali ndogo aliyoiendesha mwenyewe aliandika matokeo ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya 1911 na 1916, akaorodhesha makosa 123 na kuyachapisha watu wayasome. Wenzake wengi walimwona mkorofi. Kwangu mimi yeye ni mmoja wa walioonyesha njia mapema.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyechunguza ubora wa huduma za afya, akatupa namna ya kupanga mawazo ambayo bado inatumika: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni majengo, vifaa na watumishi. Mchakato ni kile kinachofanywa kwa mgonjwa. Matokeo ni hali yake baada ya hapo. Ukiiweka orodha ya uongozi wako kwenye meza hiyo, vyote vinne viko kwenye muundo. Muundo ni wa lazima, huwezi kupasua mtu gizani. Lakini muundo ni ahadi tu mpaka mchakato uutumie na matokeo yaonekane.

Kisha mwaka 2006 Michael Porter, mwalimu wa masomo ya biashara wa Harvard, na mwenzake Elizabeth Teisberg walisisitiza kwamba thamani ni matokeo yenye maana kwa mgonjwa yakigawanywa kwa gharama ya kuyapata, tena kwa safari nzima ya ugonjwa wake, tangu anapougua hadi mwisho wa athari zake. Porter aliyapanga matokeo hayo katika ngazi tatu, na ningependa uzikariri kwa sababu zitakusaidia kuandika mpango wako. Ngazi ya kwanza: je, mtu ameishi, na amerudi katika hali gani? Ya pili: kupona kwenyewe kulikuwaje, kulichukua siku ngapi, kulikuwa na maumivu kiasi gani, alipata madhara gani njiani? Ya tatu: je, kupona huko kumedumu, au ugonjwa umerudi, au tiba yenyewe imemwachia tatizo jipya la kuishi nalo? Wodi nyingi zinaishia kwenye nusu ya ngazi ya kwanza: yuko hai, ametoka. Yule baba wa ngiri alipotea kwenye ngazi ya pili na ya tatu.

Sasa thamani inaongezwaje? Nianze na mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauna mashine ndani yake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walikuwa wanakufa kwa kipindupindu kambini Bangaon, India. Dripu ziliwaishia. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe, na akawaruhusu ndugu zao wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Tazama pande zote mbili za hesabu: matokeo yalipanda kwa kiasi kisichosemeka, na gharama ikashuka wakati huo huo. Hata muda wa watumishi uliokolewa, kwa kuwa kazi ya kunywesha ilihamia kwa mama na dada waliokuwa wamekaa kando ya mgonjwa bila la kufanya ila kulia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kazi yako. Katika jimbo la Michigan, Marekani, vyumba vya wagonjwa mahututi vilikubaliana kufuata hatua tano kila vinapomwekea mgonjwa mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kikamilifu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mrija mara usipohitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na Peter Pronovost na wenzake. Wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1000 za mrija (mgonjwa mmoja kukaa na mrija siku moja huhesabiwa siku moja), ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo tano ambayo wataalamu hawakuijua kabla. Kilichoongezwa ni uhakika kwamba zitafanyika zote, kwa kila mgonjwa, hata usiku, hata daktari akiwa na haraka, kwa sababu muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha akiruka hatua. Hilo la mwisho liandike kwenye mpango wako kwa herufi kubwa.

Lakini nakuomba usichukue orodha ya hatua kama hizo ukaigeuza dawa. Shirika la Afya Duniani liliijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19 katika hospitali nane za miji minane, mmoja wao Ifakara, Tanzania, kati ya 2007 na 2008. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Habari njema hiyo ilienea, serikali zikaamrisha. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilizitaka hospitali zake ziitumie, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka hospitali 101 za huko haukuona nafuu yoyote ya maana katika vifo wala madhara, ingawa karibu hospitali zote ziliripoti kwamba fomu inajazwa. Karatasi ni ile ile. Mimi nakubaliana na wanaosema kwamba tofauti ilikuwa kwenye kusimama na kuzungumza: mahali ambapo timu iliacha mikono ikaulizana jina la mgonjwa, upande wa kupasuliwa na kama antibiotiki imeshaingia, orodha ilifanya kazi. Palipowekwa alama za vema tu ili faili likamilike, iliongezeka karatasi moja tu. Nawe umeviona vema vya namna hiyo, bila shaka, vikiwekwa mwisho wa zamu.

Kuna upande mwingine ambao mipango ya kuongeza thamani huusahau karibu daima, nao ni kupunguza. Mgonjwa anapopewa kitu kisichomsaidia, thamani haibaki sifuri, inashuka chini ya sifuri, kwa sababu amelipa, amesubiri, na amebeba hatari ya madhara. Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake walichapisha utafiti wa watu 180 wenye magoti yaliyolika. Wengine walisafishwa goti kwa kifaa cha kamera, wengine goti likaoshwa tu, na kundi la tatu lilichanjwa ngozi kisha likashonwa bila kufanyiwa chochote ndani. Kwa miaka miwili waliyofuatiliwa, maumivu na mwendo wa makundi yote matatu haukutofautiana. Fikiria ni operesheni ngapi za namna ile zilikuwa zimeshafanyika kwa nia njema kabisa, na kila moja imeandikwa kwenye daftari kama huduma iliyotolewa.

Mashine yenu mpya ya picha ndiyo inanifanya nikumbuke Korea Kusini. Huko kipimo cha altrasaundi cha tezi ya shingo kiliongezwa kwenye vifurushi vya uchunguzi wa afya, bei nafuu, hakuna maumivu. Kufikia mwaka 2011 waliokuwa wanagunduliwa saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo vya saratani hiyo havikupungua. Walichokuwa wanagundua, kwa sehemu kubwa, ni vivimbe vidogo ambavyo visingemsumbua mtu maisha yake yote. Lakini karibu wote walipasuliwa, wengi wakabaki wanameza dawa kila siku, na baadhi waliharibiwa mishipa ya sauti. Watu wenye afya waligeuzwa wagonjwa.

Hapa nikupe kanuni moja ya kipimo chochote, iwe picha au damu: kina thamani kama jibu lake linaweza kubadilisha kitakachofanyika, na likifika kabla uamuzi haujapita. Picha nzuri inayosomwa siku ya nne wakati mgonjwa alipasuliwa siku ya pili ni gharama tupu. Kwa hiyo usiipinge mashine. Omba takwimu mbili: kati ya waliopigwa picha mwezi uliopita, wangapi walibadilishiwa tiba kwa sababu ya picha hiyo, na ilichukua saa ngapi kutoka kuagizwa hadi kusomwa. Kama majibu ni mazuri, mashine inaongeza thamani nami nitaipigia makofi. Kama ni mabaya, huenda kinachokosekana ni msomaji wa picha zamu ya usiku, na hapo ndipo fedha iende.

Kwenye wodi ya upasuaji mambo ya kupunguza yapo mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unakataza kunyoa nywele za sehemu ya kupasuliwa kwa wembe. Zikilazimika kuondolewa, zikatwe kwa mashine. Unapendekeza pia kutoendelea na antibiotiki za kinga baada ya operesheni kwisha kwa ajili ya kuzuia maambukizi tu. Wodi ngapi bado zinawapa wagonjwa antibiotiki siku tano "kwa usalama"? Dozi inayolinda ni ile inayotolewa kabla ya kisu. Orodha ya upasuaji salama inauliza kama imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana. Ukiisimamia dozi hiyo ya kwanza na kuziacha za baadaye, umepandisha matokeo na umeshusha gharama bila kuomba fedha kwa mtu.

Sasa runinga na vyumba vya daraja la juu. Sitaki uvidharau. Mgonjwa ni mtu, na kulala usingizi, kuwa na pazia anapovuliwa nguo, choo safi, kuelezwa kinachofuata kwa lugha anayoielewa, kuitwa kwa jina lake, ni sehemu ya kupona kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tunaosimama pembeni ya vitanda hivyo tumekuwa wepesi mno wa kuamua kwamba faraja ni anasa. Ninachokataa ni faraja inayouzwa kwa mwenye uwezo huku heshima ya kawaida ikikosekana kwa wote. Pazia kwa kila kitanda cha wodi lina thamani kubwa kuliko runinga kumi za sehemu ya kusubiria. Na tukizungumzia kusubiri, mgonjwa anayepewa runinga ili asione saa nne zinavyopita bado amezipoteza saa nne.

Hilo linanileta kwenye upande wa gharama, ambao wauguzi huambiwa ni wa mhasibu. Si kweli, mhasibu anaona ankara tu. Njia iliyopendekezwa na Robert Kaplan, mtaalamu wa hesabu za gharama, na Porter mwaka 2011 inaanza na kitu unachokiweza wewe: kumfuata mgonjwa mmoja na saa mkononi tangu aingie hadi atoke, ukiandika kila hatua, nani yuko naye, kwa dakika ngapi. Kisha kila dakika ya mtumishi inapewa gharama yake. Hata kabla hujafika kwenye fedha utaona mambo. Chukua mgonjwa aliyekuja kubadilishiwa bandeji, akafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita na nusu mchana. Ukijumlisha muda alioguswa na mtaalamu unapata, tuseme, dakika 12. Saa nne na ushei zilizobaki amelipa yeye, kwa kazi aliyoikosa na kwa ndugu aliyemsindikiza. Haziko kwenye vitabu vya hospitali, lakini zimo kwenye thamani, na zinaishusha.

Watu wa Toyota walizoea kuzigawa hatua za kazi mafungu matatu: zinazoongeza thamani kwa mteja, zisizoongeza lakini haziepukiki, na upotevu. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle iliwapeleka viongozi wake Japani mwaka 2002 wakajifunze utaratibu huo, wakaurudisha wodini. Nimeona mara nyingi kwamba ukiwauliza wauguzi wenyewe wazigawe hatua zao hivyo, kitu cha kwanza wanachokitaja ni kutembea: kwenda stoo kufuata glavu, kurudi, kwenda tena kufuata plasta. Toroli moja iliyopangwa vizuri usiku inarudisha muda huo kwa wagonjwa. Fedha yake ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeiwekea mkutano.

Umeuliza mtu wa nafasi yako ataipimaje. Anza na kundi moja tu la wagonjwa, wenye tatizo linalofanana. Ukichanganya ngiri, mivunjiko na saratani kwenye jedwali moja hutajifunza kitu. Kwa kundi hilo, piga simu siku ya 30 baada ya upasuaji. Nasema 30 kwa sababu ndicho kipindi kinachotumika kimataifa kufuatilia maambukizi ya vidonda kwa operesheni nyingi zisizoacha kifaa mwilini, hivyo utaweza kujilinganisha na wengine. Maswali yawe machache: kidonda kimefunga, au kimetoa usaha wakati wowote? Umetibiwa mahali pengine kwa sababu yake? Ulirudi kwenye shughuli zako siku ya ngapi? Wiki ya kwanza maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya sifuri na kumi? Swali la shughuli ni la muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mgonjwa hakuja hospitalini kutafuta kovu zuri. Alikuja ili arudi kazini, au aweze kumbeba mtoto wake.

Uwe mwangalifu na namba ndogo. Kama wodi inapasua watu 20 wa ngiri kwa mwezi, kidonda kimoja kilichooza ni asilimia 5, na vikiwa viwili mwezi unaofuata itaonekana mambo yameharibika maradufu. Chora nukta za kila mwezi kwenye mstari mmoja kwa angalau miezi sita kabla hujasema kitu kimepanda au kimeshuka. Na amua mapema "maambukizi" maana yake ni nini, uiandike, kila anayepiga simu aitumie hiyo hiyo. Bila hivyo utakuwa unapima ukali wa wapiga simu wako.

Jambo jingine la kuogopwa ni matokeo kutumiwa kama fimbo. Jimbo la New York lilipoanza kuchapisha vifo vya upasuaji wa moyo kwa hospitali na kwa daktari, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walijitahidi kurekebisha takwimu kulingana na uzito wa hali za wagonjwa, na bado kukawa na malalamiko kwamba baadhi ya madaktari wanawakwepa walio mahututi ili majina yao yasichafuke. Ukiona wodi yako inaanza kuchagua wagonjwa wepesi, takwimu zitapendeza na thamani itakuwa imekufa. Andika umri, kisukari, dharura au si dharura, kando ya kila matokeo, ili anayesoma ajue mlimpokea nani.

Na kuna gharama zinazohamishwa. Hospitali ikimruhusu mgonjwa siku ya kwanza badala ya ya tatu, vitabu vyake vinapendeza. Kama ameandaliwa, anajua dalili za hatari na ana namba ya kupiga, hiyo ni thamani ya kweli, maana hospitalini napo ni mahali pa kuokota vijidudu. Kama hakuandaliwa, gharama imehamia kwa mkewe anayesafisha kidonda bila glavu. Kabla hujaita jambo lolote ongezeko la thamani, jumlisha pande zote mbili za geti.

Utaambiwa kwamba tatizo letu kubwa ni watu kutofika hospitali, hivyo ubora usubiri. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya vifo milioni 8.6 kwa mwaka ambavyo huduma nzuri ingevizuia, milioni 5 ni vya watu waliofika na kupata huduma duni, na milioni 3.6 ni vya wasiofika. Hao milioni 5 walikuwa wameshapanga foleni. Walikuwa mikononi mwetu.

Ukurasa wako kwa uongozi uwe mfupi. Sema kundi la wagonjwa ulilochagua, matokeo matatu utakayoyafuatilia, dakika za safari yao kwa sasa, na mambo mawili utakayoyabadili: moja la kuongeza na moja la kuacha. Omba muda wa muuguzi mmoja saa mbili kwa wiki wa kupiga simu, pamoja na vocha. Usiombe kingine kabla ya miezi sita. Kesho asubuhi, kabla hata ya ruhusa ya mtu yeyote, mwambie anayeandika ruhusa za kutoka achukue namba mbili za simu kwa kila mgonjwa, yake na ya ndugu anayeishi naye, azipige hapo hapo aone kama zinaita, na amwambie mgonjwa tarehe atakayotafutwa.